Nyumba ya Wageni ya Ng'ambo ya Bunagana

Barabara itokayo Goma kwenda Bunagana ina urefu wa kilomita 89. Unayaacha mawe meusi ya mjini, unapita Kibumba huku mlima Nyiragongo ukiwa kushoto na Mikeno kulia, kisha Rugari, Rumangabo na Rutshuru, halafu unakata kuelekea mashariki mpaka kwenye kizuizi cha mpaka. Hapo Bunagana mambo mawili hubadilika ndani ya hatua chache. Gari lililokuwa likienda upande wa kulia huhamia kushoto, kwa sababu Congo ilirithi sheria ya Wabelgiji na Uganda ya Waingereza. Na saa ya mkononi husogezwa mbele saa nzima: aliyegongewa muhuri wa kutoka saa kumi jioni anaingia upande wa pili saa kumi na moja, na giza haliko mbali.

Kwa msafiri kama huyo, mji wa Kisoro ulikuwa mahali pa kulala kabla hajaianza milima ya kwenda Kabale na Kampala. Hauko mbali, ni kilomita zisizofika 15 kutoka mpakani. Na katika mji huo, kwa zaidi ya nusu karne sasa, ipo nyumba ya wageni ambayo historia yake ni ya Goma kiasi kile kile ilivyo ya Uganda. Inaitwa Travellers Rest.

Nyumba za namna hii zina ukoo mrefu, na Waingereza ndio waliojaliwa kuziandika sana. Wasafiri wao wa karne ya 17 na ya 18 walikwenda kwa magari ya farasi, na farasi hachukui safari ndefu bila kubadilishwa. Kila baada ya maili 10 hivi ilibidi pawepo zizi, majani, mfua vyuma, supu ya moto na kitanda. Mwaka 1784 John Palmer alipoanzisha gari la posta kutoka Bristol hadi London, lililobeba barua na abiria kwa ratiba isiyosubiri mtu, nyumba za njiani zikawa kama stesheni: farasi wapya walikuwa wamekwisha kufungwa hatamu kabla gari halijaingia.

Iliyobaki London ya aina hiyo ni moja tu, The George, iliyoko Southwark kusini ya Daraja la London. Moto wa mwaka 1676 uliiteketeza, ikajengwa upya mara moja juu ya ramani ile ile ya zamani. Umbo lake linaeleza kazi yake. Hakuna mlango wa fahari barabarani. Kuna njia inayoingiza gari ndani ya ua, na nyumba yenyewe imeupa uso ua huo. Ukisimama uani unaona roshani za mbao zimepangana ghorofa juu ya ghorofa, na nyuma ya kila roshani kuna milango ya vyumba. Mgeni aliyelala juu aliweza kutoka usiku, akaegemea ukuta wa mbao, akatazama chini kuhakikisha kwamba gari na mizigo yake bado vipo. Mwenye nyumba naye, kwa kufunga lango moja, alikuwa amefunga kila kitu: farasi, bidhaa, wageni na madeni yao.

Kisha ikaja reli. Njia ya London na Birmingham ilifunguliwa mwaka 1838, na ndani ya miaka michache magari ya farasi ya masafa marefu yalikuwa yamekwisha. Nyumba ya Tabard, jirani ya The George, ambayo mshairi Chaucer alianzia hapo safari ya mahujaji wake, ilivunjwa katika miaka ya 1870. The George yenyewe iliangukia mikononi mwa kampuni ya reli, ambayo mwaka 1889 ilibomoa pande mbili za ua ili kupata nafasi ya mizigo. Ukabaki upande wa kusini peke yake, na mwaka 1937 taasisi ya kuhifadhi majengo, National Trust, ikakabidhiwa kuutunza. Leo watu huenda kunywa bia pale. Hakuna anayelala.

Kwetu reli haikuwahi kufika Goma, kwa hiyo hatuwezi kuilaumu. Nyumba zetu za njiani ziliuawa na kufufuliwa na kitu kingine, nacho ni mpaka.

Kabla ya mwaka 1910 hapakuwa na mstari wowote kati ya Rutshuru na Kisoro. Wajerumani walidai milima yote ya Virunga tangu Count von Götzen apite hapa mwaka 1894 na kulifikia Ziwa Kivu. Waingereza walidai sehemu ya milima waliyoiita Mfumbiro, wakitegemea ramani zilizochorwa na watu ambao hawakuwahi kuiona kwa karibu. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa na madai yake pia. Ubishi huo ulimalizwa kwenye meza ya mkutano huko Brussels, na makubaliano ya mwezi Mei 1910 yakaigawa nchi kwa kufuata vilele. Kilele cha Sabinyo kikawa makutano ya mipaka mitatu: Congo, Rwanda na Uganda zinakutana pale juu, kwenye zaidi ya mita 3,600. Bufumbira, ambako watu walisema lugha moja na jirani zao wa Rwanda na wa Jomba upande wa Congo, ikaenda kwa Waingereza. Kisoro ikawa makao makuu madogo ya kona ya mbali kuliko zote za Uganda.

Upande wa Congo serikali haikungoja mfanyabiashara ajenge mahali pa kulala. Ilijenga gite. Kila baada ya mwendo wa siku moja palikuwa na nyumba ya udongo au matofali yenye paa la nyasi, baraza pande zote, chumba kimoja au viwili na mlinzi. Afisa wa Kibelgiji alifika na kitanda chake cha kukunja, mpishi wake na vyombo vyake. Nyumba ilikuwa ganda tu. Ganda hilo lilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mwanakijiji: dekreti ya mwaka 1933 iliiruhusu serikali kumdai mwanamume hadi siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na barabara na majengo kama hayo yalitunzwa kwa siku hizo. Wazee wa Rutshuru wakisikia neno gite hawakumbuki starehe. Wanakumbuka kukata nyasi za paa la nyumba ambayo wao wasingelala ndani yake.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya gite na nyumba ya wageni. Gite ilimjua mgeni wake kwa cheo. Nyumba ya wageni inamjua kwa mfuko wake. Sisemi kwamba katika Uganda ya Waingereza mlango ulikuwa wazi sawasawa kwa kila rangi ya ngozi. Ukoloni ulikuwa ukoloni. Lakini nyumba inayoishi kwa fedha za wapita njia inalazimika kuuliza swali ambalo gite haikuuliza kamwe: mtu atakuja huku kwa nini, na tutafanyaje alale siku mbili badala ya moja?

Aliyejiuliza hivyo kwa ukaidi wa pekee ni Mjerumani Walter Baumgärtel, aliyeichukua Travellers Rest mwaka 1955. Hoteli ilikuwa ndogo, ya chini, yenye veranda na bustani, na sebule yenye meko ya kuni. Meko hayo hayakuwa pambo. Kisoro iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, lakini likishazama nyuma ya milima baridi inashuka ghafla, na mgeni aliyetoka pwani ya Mombasa na shati la mikono mifupi anatafuta moto kabla hajatafuta chakula. Ukilinganisha na The George, mpango umegeuzwa. Jengo la Southwark lilijikunja kuuzunguka ua kwa kuuogopa mji. La Kisoro lilijifungua kwa bustani na milima, kwa sababu hakuna alichokuja kukitazama mgeni isipokuwa Muhabura, mita 4,127, na jirani zake Mgahinga na Sabinyo.

Wageni wa kawaida walikuwa Wazungu wa Kenya na Uganda waendao likizo kwenye fukwe za Kivu, Goma na Gisenyi, au kwenye wanyama wa Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo leo tunaiita Virunga. Walikula, wakalala, wakaondoka alfajiri. Hilo halikumtosha Baumgärtel. Alikuwa amesikia kwamba kwenye mgongo unaounganisha Muhabura na Mgahinga kuna sokwe wa milimani, akaona kwamba yeyote atakayeweza kuwaonyesha wageni sokwe hao atakuwa na hoteli inayojaa.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kuchekesha kidogo. Aliwawekea sokwe vyakula msituni alivyodhani watavipenda, ili wazoee kuja mahali pamoja kama kuku. Hawakuja. Sokwe wa Virunga anaishi ndani ya chakula chake: seleri pori, mianzi, upupu wa msituni, mibaruti. Hana haja ya zawadi ya mwenye hoteli. Kilichofanya kazi ni miguu na macho ya watu wa Bufumbira, hasa Reuben Rwanzagire, mwongozaji aliyeusoma msitu kwa mavi, vitanda vya majani vya jana na mashina yaliyovunjwa. Vitabu vya wazungu vinamtaja Reuben kwa heshima, lakini kwa ufupi kuliko anavyostahili. Bila yeye wageni wengi wa Travellers Rest wangeona ukungu na matope tu.

Baumgärtel aliandika barua kwa wataalamu, akiwemo Louis Leakey huko Nairobi, akiomba watu wa kuwachunguza wanyama hawa. Leakey alimtuma Rosalie Osborn mwaka 1956, na baada yake akaja Jill Donisthorpe mwaka 1957. Wanawake hao wawili walipiga kambi mlimani kwa miezi, wakipanda na kushuka na Reuben, na maandishi yao ni miongoni mwa ya kwanza yanayomweleza sokwe wa milimani akiwa hai, akila na kulea, badala ya kuwa ngozi iliyojazwa majani makavu. Mwaka 1958 wakaja Wajapani, Kinji Imanishi na Junichiro Itani. Mwaka 1959 akaja George Schaller pamoja na profesa wake John Emlen, na Schaller akavuka mpaka, akaweka kambi Kabara, upande wa Congo, kwenye bonde la chini ya Mikeno ambako Mmarekani Carl Akeley alizikwa mwaka 1926. Kitabu chake juu ya sokwe wa milimani kilitoka mwaka 1963, na kwa miaka mingi hakikupata mshindani.

Tazama jinsi hoteli moja ya vyumba vichache ilivyokuwa sebule ya elimu nzima. Hapakuwa na kituo cha utafiti, hapakuwa na chuo kikuu karibu. Palikuwa na meko, mwenye nyumba aliyependa kuongea, na meza ambapo mtafiti aliyeshuka na viatu vilivyolowa alikaa na dereva wa lori, mmisionari na mtalii. Naamini sayansi hii ilianza Kisoro, badala ya Goma au Ruhengeri, kwa sababu ya meza hiyo. Msitu wa Congo ulikuwa mkubwa zaidi na wenye sokwe wengi zaidi, ila hifadhi ya Wabelgiji ilikuwa imefungwa kwa mlango wa ruhusa na barua. Kisoro ilihitaji fedha ya kitanda tu.

Mwaka 1959 milango ya mpaka ilianza kugongwa. Mapinduzi ya Rwanda yaliwasukuma watu kuingia Uganda. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Congo ikapata uhuru, na siku chache baada ya hapo jeshi likaasi. Walowezi wa Kivu, waliokuwa na mashamba ya kahawa na pareto kutoka Masisi hadi Rutshuru, wakapakia walichoweza na kuishika barabara ya Bunagana. Kwa Goma ilikuwa wiki ya nyumba tupu na mbwa wasio na mwenyewe. Kwa Kisoro ilikuwa foleni ya magari yenye namba za Congo, na watu ambao wiki iliyotangulia walipita kama watalii sasa wakiomba hata sakafu.

Wengine walirudi baadaye; wengi hawakurudi. Lakini kuanzia mwaka huo hoteli ilikuwa na kazi mpya ambayo Baumgärtel hakuipanga. Iliuza kitanda, na kitanda kilichokuwa na thamani kubwa kuliko vyote ni kile kilichokuwa upande wa pili wa mpaka.

Tukio lililoiingiza nyumba hiyo katika vitabu vya dunia nzima linatokana na hilo. Dian Fossey, mtafiti Mmarekani, alikuwa ameanza kazi Kabara mwanzoni mwa mwaka 1967, kwenye bonde lile lile la Schaller. Tarehe 5 Julai mamluki wa Jean Schramme waliasi mashariki ya Congo, na ghafla kila Mzungu aliyekuwa peke yake msituni akawa mtu wa kutiliwa shaka. Siku chache baadaye askari walipanda hadi Kabara, wakamshusha pamoja na vitu vyake mpaka Rumangabo, na akazuiwa pale.

Jinsi alivyotoka ni hadithi aliyoisimulia mwenyewe. Aliwaambia waliomlinda kwamba fedha zake ziko Kisoro na kwamba karatasi za gari lake, Land Rover, zinapaswa kutengenezwa huko. Fedha ni hoja ambayo kila kizuizi cha barabarani kinaielewa. Wakakubali kumsindikiza. Kwa hiyo gari likapita Rutshuru, likapinda kuelekea mashariki, likafika Bunagana, likahama kutoka kulia kwenda kushoto, likaingia kwenye uwanja wa Travellers Rest na askari ndani yake. Fossey akakimbilia ndani, Baumgärtel akawaita wanajeshi wa Uganda, na wasindikizaji wakakamatwa. Usiku huo mtafiti alilala Kisoro. Hakurudi Kabara tena kuishi. Tarehe 24 Septemba 1967 alifungua kambi yake ya Karisoke upande wa Rwanda, kati ya Karisimbi na Bisoke, na jina la sokwe wa milimani likahamia huko pamoja naye.

Mtu anaweza kusema kwamba hapo ndipo Congo ilipoipoteza nafasi yake katika hadithi ya wanyama ambao wengi wao walikuwa wetu. Ni kweli kwa sehemu. Watalii walifuata vitabu, na vitabu vilikuwa vimeandikwa Rwanda.

Baumgärtel mwenyewe aliondoka Uganda mwaka 1969, na kumbukumbu zake zikachapishwa Marekani mwaka 1976 kwa jina la Up Among the Mountain Gorillas. Aliondoka kwa wakati. Mwaka 1971 Idi Amin alichukua madaraka, mwaka 1972 akawafukuza Waasia, na utalii wa Uganda ukazimika. Hoteli haikuwa tena na wageni wa kuijaza, na mlimani wakulima na wawindaji walizidi kupanda juu. Mwaka 1991 ndipo serikali ilipoitangaza Mgahinga kuwa hifadhi ya taifa. Upande wetu, hoteli ya Rwindi, yenye vijumba vyake vya mviringo katikati ya tambarare ya kusini ya Ziwa Edward, ilikuwa imepata umaarufu wakati wa Zaire. Mgeni wa Goma aliyekuwa na gari na mshahara alimpeleka mkewe kule kuona viboko. Vita vya miaka ya 1990 viliipora, na kilichobaki ni kuta. Ajabu ni kwamba Rwindi ilikuwa kubwa, ya kisasa, yenye serikali nyuma yake, na imekufa. Travellers Rest ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja, na imekarabatiwa na inapokea wageni hadi leo. Tofauti haikuwa katika ufundi wa waashi. Rwindi ilijengwa ndani kabisa ya nchi moja, na nchi hiyo ilipowaka moto haikuwa na mlango wa nyuma.

Lami ilipofika Kisoro kutoka Kabale, safari iliyokuwa ya kona, vumbi na utelezi ikawa ya saa chache, na malori ya mafuta, saruji na unga yaendayo Goma yakaongezeka. Ingeonekana kwamba siku za zamani zinarudi. Lakini mwezi Julai 2012 Bunagana ilichukuliwa na waasi wa M23, na Novemba mwaka huo Goma yenyewe ikaangukia mikononi mwao kwa siku kadhaa. Tarehe 13 Juni 2022 Bunagana ilichukuliwa tena. Mara zote mbili watu walivuka kwa maelfu wakiwa na magodoro kichwani, na waliowapokea hawakuwa wenye hoteli. Walikuwa wenyeji wa Kisoro na kambi ya Nyakabande, ambako turubai ndiyo paa.

Sitaki kuichanganya Nyakabande na nyumba za wageni kana kwamba ni kitu kimoja. Mgeni analipa na kuondoka, mkimbizi hana cha kulipa wala mahali pa kwenda. Ila zote mbili ziko Kisoro kwa sababu ile ile iliyomfanya Fossey atake kufika pale: ni mji wa kwanza ambapo bunduki zilizokuwa nyuma yako hazina amri.

Mwaka 2021, kabla ya Bunagana kuanguka tena, Congo na Uganda zilikuwa zimezindua mradi wa kujenga barabara za pamoja, na kipande kimojawapo kilikuwa hizo kilomita 89 za Bunagana, Rutshuru na Goma. Vita vikaukuta mradi njiani. Tangu Januari 2025 Goma nayo iko chini ya M23, na mwezi Julai mwaka huo Uganda iliufungua tena mpaka wa Bunagana. Malori yanapita. Mtalii wa sokwe anayelala Kisoro siku hizi, hata hivyo, kwa kawaida hajatoka huku kwetu. Anatoka Kampala, au anatoka Kigali na kuvuka Cyanika. Na mtu wa Goma asiyeiamini njia ya Rutshuru huzunguka kwa njia hiyo ya Cyanika: Gisenyi, Musanze, Cyanika, mipaka miwili badala ya mmoja, mihuri minne badala ya miwili. Saa yake haibadiliki anapoingia Rwanda. Inabadilika Cyanika, kama ilivyokuwa ikibadilika Bunagana, na gari linahama kwenda kushoto.